Kapita wa mashini: namna kompyuta zinagawanya kazi nyingi kwa mara moja

Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, pesa ya watu wengi inapita ndani ya telefone. Mtu anatuma, skrini inamwambia ombi lake limepokelewa, kisha kimya. Dakika moja, mbili, tano. Hapo njo wasiwasi unaanza: atume tena, ao angoje? Akituma tena, pesa itatoka mara mbili?

Ile kimya ina sababu yake. Huduma yenye wateja wengi haifanyi kila kazi pale pale mtu anapoiomba. Inaipokea, inaiweka kwenye foleni, kisha mashini ingine inaifanya.

Mwenye kujua bandari ya Kituku ataelewa haraka. Mtumbwi unafika na magunia, lakini mwenye mali hazunguki kutafuta kila mbebaji na kila chukudu. Anaongea na kapita. Kapita njo anajua nani yuko bure, nani anaweza kubeba nini, nani ameanguka njiani na mzigo wake unahitaji mtu mwingine. Yeye mwenyewe habebi kitu.

Kwa kompyuta ni vile vile. Kuko mteja, yaani programu inayoomba kazi. Kuko seva ya kazi, njo kapita. Na kuko wafanyakazi, programu ndogo ndogo ambazo zinaweza kukaa kwenye mashini tofauti, hata katika miji tofauti. Moja ya seva za aina hii zinazojulikana zaidi inaitwa Gearman. Ilitoka 2005, kazi ya Brad Fitzpatrick na wenzake wa kampuni Danga Interactive huko Marekani, wale wa LiveJournal. Jina lenyewe ni mchezo: ukichanganya herufi za neno la Kiingereza manager, unapata Gearman. Wenyewe walitania kwamba inafanana na meneja kweli, inagawa kazi na haifanyi yoyote.

Mwandishi wa programu haongei na seva kwa mikono mitupu. Anatumia maktaba. Si nyumba ya vitabu. Ni kodi iliyokwisha kuandikwa, ambayo anaiingiza ndani ya programu yake, iwe ya PHP, Python, Perl ao Java. Anaipa anwani za seva (mlango wa kawaida wa Gearman ni 4730), jina la kazi, na mzigo wenyewe, kwa mfano namba ya telefone na maneno ya mesaji. Maktaba inapeleka na kurudisha namba ya risiti.

Faida yake inaonekana siku ya haraka. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, amri ilitoka kwamba watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma wahame mara moja. Wengine wakaenda Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua mpaka Bukavu. Sasa tuseme shirika moja lina namba 20,000 za kujulisha, na kila mesaji inachukua sekunde moja. Mashini moja ikituma moja moja, ni zaidi ya saa tano na nusu. Wafanyakazi 20 wakigawana, ni karibu dakika 17, kama mtandao wa telefone unakubali kasi ile. Na Gearman inajua kazi ya haraka na kazi ya kawaida: tahadhari inapita mbele ya mesaji za bei ya maharagwe zilizokuwa zinangoja. Haikatishi tu ile ambayo imeisha kuanza.

Kuna njia mbili za kutuma, na hapa njo wengi wanajikwaa. Ya kwanza, mteja anasimama palepale mpaka jibu lirudi. Ya pili, anaacha mzigo na kwenda zake. Kwa PHP inaitwa doBackground. Ya pili inapendeza, juu haimchelewesi mtu. Lakini kwa kawaida Gearman inashika foleni yake ndani ya kumbukumbu ya mashini tu. Umeme ukikatika pale seva iko, kazi zote zilizokuwa zinangoja zinapotea, na mteja hatajua kamwe, juu alishaondoka. Katika muji wetu hilo si jambo la kufikiria tu. Dawa iko: kuambia seva iandike foleni kwenye hifadhi ya kudumu, kama SQLite ao MySQL. Itapunguza mwendo kidogo. Afazali.

Mfanyakazi akizimika katikati ya kazi, seva inampa mwingine ile kazi. Ni vizuri kwa mesaji. Kwa pesa ni hatari, sababu wa kwanza pengine alikuwa ameisha kutoa franka kabla ya kuzimika. Maktaba inaruhusu kupa kila kazi kitambulisho chake, na maombi mawili yenye kitambulisho kimoja yanaunganishwa kuwa kazi moja. Lakini hiyo ni wakati ya kwanza ingali kwenye foleni ao inafanywa. Ikiisha, Gearman inasahau. Basi mwenye kuandika programu ya pesa anapaswa kuwa na daftari lake: kila ombi na namba yake, na mfanyakazi aangalie daftari kwanza kabla ya kugusa franka hata moja.

Jambo la mwisho ni anwani. Maktaba inaweza kupewa seva mbili, moja Goma na moja Bukavu. Ya kwanza isipojibu, mteja anajaribu ya pili. Ila seva hizo mbili haziongei kati yao. Mfanyakazi aliyejiandikisha Goma peke yake hataona mzigo uliofika Bukavu, na mzigo utabaki pale ukingoja mpaka mtu agundue. Kila mfanyakazi ajiandikishe kote kuwili.