Anayesahau majina hajasahau kusuka

MZEE anaweza kulisahau jina la mjukuu aliyemlea mwenyewe, lakini mpe ukindu uone vidole vinavyoanza kusuka bila kuelekezwa. Kwa daktari hilo si kituko. Ugonjwa wa Alzheimer, unaosababisha asilimia 60 hadi 70 ya demensia (hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) duniani, kwa kawaida hushambulia kwanza sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio mapya. Ujuzi wa mikono, uliojengeka kwa kurudia kazi ileile miaka nenda rudi, hutegemea sehemu nyingine na mara nyingi hudumu zaidi.

Ndiyo maana vikao vya sanaa kwa wagonjwa na wanaowatunza vimeenea. New York, jumba la makumbusho la MoMA liliwaalika kutazama michoro na kuizungumzia pamoja. Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo.

Somo kutoka Hai

Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliohusisha watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na demensia. Kisha ikaletwa tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyobuniwa Uingereza: vikao 14, viwili kila wiki, kwa wiki saba. Kila kikao kina mada yake, kama utoto, chakula, sauti, fedha au kazi ya ubunifu.

Kwa kuwa wazee wengi wa vijijini hawakupata kusoma, mazoezi ilibidi yarekebishwe yaendane na maisha yao. Wazee 34 walishiriki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kuwa uwezo wao wa kufikiri na kukumbuka uliimarika na wasiwasi ukapungua.

Mbebe inaweza

Kata ya Mbebe, wilayani Ileje mkoani Songwe, ni ya wakulima, na vifaa vya kikao kama hicho viko nyumbani: udongo wa kufinyangia, ukindu, mianzi, shanga, maharage ya rangi mbalimbali ya kuchambua, ngoma. Penseli za rangi si lazima. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu, ukimpa karatasi ataona anapewa mtihani.

Watu watano hadi wanane wanatosha, kwa dakika 45 hivi, kwenye ukumbi wa kanisa au kivulini karibu na zahanati. Siku iwe ileile, na wimbo wa kufungulia uwe uleule, ili mzee azoee.

Maswali ndiyo ya kuchunga. "Babu, mimi ni nani?" humwaibisha. "Babu, hapa nipitishe wapi?" humpa nafasi ya kufundisha. Mkwe au mjukuu anayemlisha na kumwogesha kila siku aketi awe mwanafunzi. Akikosea ufito, mzee amsahihishe. Mzee akikosea, kikapu kiendelee hivyohivyo. Hakuna anayekuja kukipangia bei ya sokoni.

Kisicho sanaa

Kikao hakiponyi demensia. Vilevile si kila usahaulifu ni demensia: sonona, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana nayo, na vinatibika. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali. Huenda ana maambukizi. Na anayetangatanga usiku asiitwe mchawi. Nchini mwetu neno hilo limewaua wazee.

Kinachobaki ni kazi ya kikao chenyewe. Mtunzaji aliyezoea kuhesabu kilichopotea anakutana na kilichopo, na mzee aliyezoea kuambiwa "acha, utaharibu" anapata muda wa kuwa fundi. Viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya wa Mbebe wanaweza kuanza na familia tatu tu, kila moja ije na kazi ambayo mzee wake aliwahi kusifiwa nayo.