Zilipendwa na Nani?

Neno "zilipendwa" halina kosa la kisarufi, lakini lina hila. Limewekwa katika wakati uliopita ilhali nyimbo zenyewe zingali zinapendwa, tena limo katika kauli ya kutendwa, ambamo mtenda halazimiki kutajwa. Hatuambiwi aliyezipenda, sembuse aliyezitunga. Majuzi nilisahihisha kazi ya mwanafunzi aliyechambua kwa ustadi tamathali za usemi katika wimbo wa Simba Wanyika. Mwishoni aliandika: "Mtunzi hajulikani." Hajulikani na nani?

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George, wenyeji wa Tanga, walipiga muziki kwao katika Jamhuri Jazz kabla ya kupitia Arusha na kuingia Nairobi mwaka 1971. George alifariki 1992, Wilson 1995, na bendi ikafa nao. Hao si wahenga wasio na majina, ambao fasihi simulizi hutufunza kuwa kazi zao ni mali ya jamii nzima. Walikuwa wafanyakazi wa usiku, nao walikula kwa jasho lao. (Wala neno "Jazz" katika majina ya bendi hizo lisitupoteze. Muziki wao ulikuwa rumba yenye asili ya Kuba na Kongo, si jazi ya Wamarekani.)

Neno linalonishughulisha zaidi ni "vyombo". Katika lugha ya wanamuziki wenyewe, vyombo ni magita, ngoma, tarumbeta na vipaza sauti, na swali kuu kuhusu bendi yoyote lilikuwa: nani mwenye vyombo? Ni nadra jibu kuwa mwanamuziki. Vifaa hivyo viliagizwa kutoka ng'ambo kwa bei ghali, hivyo nchini Tanzania vilimilikiwa aghalabu na vyama, mashirika ya umma au matajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara. Hilo halikuwa jambo dogo kwa watu ambao wazazi wengi waliwaona kuwa wahuni. Lakini aliyehama aliondoka na sauti yake tu. Gita lilibaki, jina la bendi lilibaki, na nyimbo alizotunga zikaendelea kuimbwa na mwingine.

Muhidin Gurumo aliyaishi hayo yote. Alikuwamo NUTA tangu siku za mwanzo. Mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, bendi ya kampuni ya usafiri na teksi. 1985 akavutwa na Orchestra Safari Sound, ya mfanyabiashara. Hatimaye akarejea alikoanzia. Bendi ile ilikuwa imebadilishwa jina kila chama kilipobadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU. Mashabiki hawakuyajali majina hayo ya ofisini. Wao waliiita Msondo, kwa jina la mtindo wake, na sasa ndilo jina lake rasmi: Msondo Ngoma. Sisi wanaisimu tuna haki ya kutabasamu hapo.

Gurumo alistaafu 2013, baada ya takriban nusu karne jukwaani, naye kijana Diamond Platnumz akamzawadia gari. Wengi walishangilia, nami nilifurahi, ingawa furaha hiyo ilikuwa na doa. Lau kila wimbo wake uliopigwa redioni ungalimwingizia hata senti chache, zawadi ile ingalikuwa heshima tupu, si msaada. Alifariki Aprili 2014.

Wapo watakaosema kwamba sheria ya hakimiliki ipo. Naam, Kenya imekuwa nayo tangu 1966. Sheria, hata hivyo, humlinda mwenye jina, na jina ndilo tunalolipoteza darasani. Mwalimu anayeandika ubaoni "wimbo wa zamani", kisha akadai wanafunzi wataje sitiari tano, amemvua mtunzi kitu cha pekee ambacho mwenye vyombo hakuweza kumnyang'anya. Nawasihi walimu wenzangu tuandike jina la mtunzi, bendi na mwaka, kama tufanyavyo kwa shairi la Shaaban Robert.

Mwanafunzi wangu nimemrudishia kazi yake bila alama. Nimemtuma akaitafute santuri, asome lebo iliyo katikati yake, ndipo aniletee ukurasa wa mwisho upya.