MIWANI YA JUA HAIFAI KWA KUCHOMELEA VYUMA



Ukipita Kariobangi Light Industries, Kamukunji au Burma utawaona vijana wetu wa jua kali wakiunda mageti, madirisha na mabeseni. Wengine huchomelea vyuma wakiwa na miwani nyeusi ya kununuliwa barabarani, na wengine hufumba macho tu. Ukiwauliza, watakuambia, "Bora iwe nyeusi." Hapo ndipo hatari ilipo.

Weusi peke yake haukingi

Moto wa welding hutoa mwanga tunaouona na pia miale tusiyoiona, ambayo huchoma ngozi laini ya mbele ya jicho. Fundi hasikii kitu akiwa kazini. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho yanauma kama yametiwa mchanga, machozi yanatiririka, na taa haitazamiki. Kwa kawaida maumivu huisha baada ya siku moja au mbili. Lakini mwanga wenyewe ukiunguza ndani kabisa ya jicho, huenda uwezo wa kuona usirudi wote.

Kioo cheusi kisichozuia miale hiyo kinadanganya. Mboni hupanuka kwa sababu ya giza, na miale inapata mlango mkubwa zaidi.

Vipimo vinasemaje?

Kipimo cha kimataifa cha miwani ya jua, ISO 12312-1 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2013, kina madaraja kutoka 0 hadi 4. Daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Hiyo yatosha kwa jua la Jogoo Road. Kioo cha kuchomelea cha nambari 10 hupitisha chini ya sehemu moja kwa elfu. Basi hata miwani halali ya jua, yenye alama ya UV400, haifai kwa kazi hii.

Sheria nayo?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwenye karakana, usimwambie kijana ajitafutie. Na wewe kijana, ukipewa, vaa. Anayejiajiri pia ana wajibu chini ya sheria hiyo.

Tufanye nini?

1. Nunua ngao ya uso yenye kioo cha kuchomelea. Soma nambari kwenye kioo: kwa welding ya stima, kuanzia 10 hivi. Kioo kikipasuka, badilisha.
2. Ukipiga grinda au kugonga kutu, vaa miwani myeupe ya kuzuia cheche na vipande.
3. Weka bati au turubai kando ya kazi. Mama mboga jirani na watoto watokao shule wanachomwa macho pia.
4. Macho yakiuma, usitie maziwa wala dawa ya jirani. Nenda zahanati mapema.

Vikundi vya akiba katika Jumuiya Ndogo Ndogo vinaweza kuchanga, kila mwezi fundi mmoja apate ngao yake. Kijana akipoteza macho, nyumba nzima imepoteza mkate. Jicho halina spea.