Wazungu wamepunguza nini? Jibu liko kwenye gesi ya kucheka

Juzi nilihudhuria baraza moja la kijiji huku Kwale. Mgeni wetu alikuwa akieleza umuhimu wa kulinda mikoko na jinsi inavyosaidia kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Mzee mmoja akainua mkono. "Mwanangu, sisi tumeambiwa tusikate boriti, na tumetii. Je, hao wenye viwanda, wao wamepunguza nini?"

Watu walicheka, mgeni akajibu juu juu, baraza likaisha. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Nimelitafutia jibu kwa mfano mmoja ninaoweza kuusimamia: Uingereza na gesi iitwayo naitrasi oksaidi.

Madaktari huitumia gesi hii kupunguza maumivu, na kwa kuwa humlevya mtu kidogo hadi akacheka, imepewa jina la gesi ya kucheka. Hewani, hata hivyo, haichekeshi. Kilo moja yake huongeza joto duniani sawa na kilo 273 za gesi ya kaboni, ukipima kwa kipindi cha miaka 100. Hukaa angani kwa zaidi ya karne moja, tena hula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua.

Nyingi hutoka mashambani, kwenye mbolea na samadi. Lakini viwandani kuna milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni utengenezaji wa asidi ya naitriki, inayotumika kwenye mbolea. Wa pili ni asidi ya adipiki, ambayo hutengenezwa aina moja ya nailoni inayoingia kwenye mazulia na vipuri vya magari. Kila tani moja ya asidi ya adipiki huzaa takriban kilo 300 za gesi hii. Ikiachiwa itoke tu kwenye bomba, ni sawa na zaidi ya tani 80 za gesi ya kaboni.

Ili tuelewane, tupime kwa kipimo chetu. Ndugu zetu wa Gazi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanatunza msitu wa mikoko na kuuza takriban tani 3,000 za kaboni kwa mwaka. Pesa hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Sasa piga hesabu: tani 37 tu za asidi ya adipiki, gesi yake isipozuiwa, zafuta kazi hiyo ya mwaka mzima. Kiwanda kinachotengeneza tani 100,000 kwa mwaka hufikisha tani 37 kwa muda wa saa tatu hivi. Jasho la kijiji kizima kwa mwaka laondoka asubuhi moja, kabla ya adhuhuri.

Uingereza ilikuwa na kiwanda kimoja tu cha asidi hiyo, huko Wilton, kaskazini mashariki mwa nchi. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mark Thiemens na William Trogler, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nailoni ni chanzo cha gesi hii ambacho hakikuwa kimehesabiwa. Watengenezaji wakubwa wakakubali kutafuta dawa. Dawa yenyewe si ya ajabu: gesi hupitishwa kwenye joto kali au kwenye kichocheo, ikavunjika kuwa naitrojeni na oksijeni, hewa ile ile tunayoivuta.

Mwaka 1998 mtambo wa aina hiyo ukafungwa Wilton, na takwimu za nchi nzima zikaporomoka mwaka uliofuata. Mwaka 2009 kiwanda chenyewe kikafunga milango. Viwanda vya asidi ya naitriki navyo, vingine vilifungwa na vilivyobaki vikawekewa vichocheo. Leo naitrasi oksaidi inayotoka viwandani Uingereza imepungua kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na mwaka 1990.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mzee ni kwamba kweli, wamepunguza, na si kidogo. Wala hakuna Mwingereza wa kawaida aliyelazimika kubadilisha maisha yake. Ilitosha kuziba mabomba machache.

Jibu la pili halifurahishi. Kufunga mtambo wa kuzuia gesi na kufunga kiwanda ni mambo mawili tofauti, ingawa kwenye takwimu za nchi yote huonekana kupungua. Kiwanda kikifungwa Uingereza, watu hawaachi kutumia nailoni. Hutengenezwa kwingine. Uzalishaji umekua sana China. Huko, viwanda viwili viliwahi kulipwa kwa kuzuia gesi, kupitia biashara ile ile ya kaboni. Mwaka 2013 Ulaya ikaacha kupokea hati za namna hiyo, malipo yakakauka, na gesi ikapanda tena. Novemba 2023 Marekani na China zilitangaza kwamba zitashirikiana kuidhibiti gesi hii, na hilo ni jambo la kufuatilia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu ukuta huo tunaujua, kwa sababu bahari inakula fukwe na matumbawe yanageuka meupe maji yakipata joto. Gesi haiulizi imetoka Wilton au China.

Siwaambii watu wa Gazi waache mikoko. Mikoko ni mazalia ya samaki na kinga ya kijiji, kaboni au bila kaboni. Ninachosema ni kwamba tukikaa tena barazani, na akaja mgeni kutuhesabia miti yetu, tuna haki ya kumuuliza kwa adabu: yale mabomba machache, yote yamezibwa?