Pareto: Ua dogo, adui mkubwa wa wadudu

MAUA meupe ya pareto, yenye kitovu cha manjano, yamebeba sumu ambayo mbu, nzi, kunguni na viroboto hawaistahimili. Sumu hiyo, pirethrini, hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na kumwangusha papo hapo.

Zao hili lilianza kukuzwa nchini Kenya miaka ya 1920, na hustawi katika nyanda za juu zenye baridi kama vile Molo na Nyandarua. Maua huchumwa kwa mkono, yakakaushwa, kisha kupelekwa kiwandani kutolewa dawa.

Ubora wa dawa hii ni kwamba haidumu. Miale ya jua huivunja upesi, hivyo haiachi mabaki mengi kwenye mboga. Kwa sababu hiyo hiyo, mkulima hushauriwa kuinyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerejea mzingani, kwani huwaua pia, sawa na samaki.

Kenya iliwahi kuongoza ulimwenguni kwa uzalishaji wa pareto. Malipo yalipocheleweshwa, wakulima wengi waliing'oa, wakapanda viazi na mahindi. Juhudi zozote za kuifufua hazina budi kuanzia hapo: ua lisilolipiwa halichumwi.