Shingo ya Gitaa: Irekebishwe, Ibadilishwe, au Ununue Jingine?

Nyuzi za gitaa la akustika zikipanda mpaka vidole vinauma, wengi huamua kwamba shingo imekwisha. Kabla ya kutoa pesa, chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya vyuma vya shingo (freti) hadi ifike kwenye daraja. Ikipita sawasawa juu ya daraja, pembe ya shingo ni nzima. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imelalia mbele. Si ajabu: nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80, usiku na mchana.

Pembe ikiwa nzima na shingo imejipinda kidogo tu, kazi ni ya dakika chache: kukaza ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo. Magitaa ya Martin ya kabla ya 1985 hayana ufito unaorekebishika, kwa hiyo anayenunua la zamani apime kwanza. Kichwa kikivunjika nacho, usikimbilie shingo mpya. Ufa safi ukigandishwa vizuri kwa gundi ya mbao hushika miaka mingi.

Pembe ikiwa imeharibika, bei huamuliwa na kiungo cha shingo na sanduku la sauti. Kampuni ya Taylor hufunga shingo kwa bolti, na katika magitaa yake mengi ya tangu 1999 fundi hubadilisha vibanzi viwili vya mbao tu ili pembe irudi. Martin nyingi zimeunganishwa kwa ulimi wa mbao na gundi. Hapo fundi hung'oa freti moja, hutoboa tundu, hupuliza mvuke mpaka gundi ilegee, kisha huchonga kisigino cha shingo kidogokidogo. Marekani kazi hiyo hugharimu dola 400 hadi 800 hivi. Yamaha FG800 mpya huko ni dola 200 na ushee. Usizigeuze bei hizo kuwa shilingi, tazama uwiano. Gitaa la bei ndogo halistahili mvuke, ila kama ni la marehemu baba, hesabu ni nyingine na ninaiheshimu.

Kubadilisha shingo nzima ndiko ninakokuonya zaidi. Shingo nyingi zinazouzwa mtandaoni ni za magitaa ya umeme, na kisigino chake hakiingii kwenye la akustika. Hata iliyo ya akustika lazima ilingane kwa urefu wa uzi: Martin kubwa ina milimita 645, Gibson nyingi 628 hivi. Ukikosea, vyuma vyote vinakaa mahali pasipo pao, na gitaa halitaimba sawa hata ulikaze vipi. Kisha kuna kuchonga, kusawazisha na kupaka rangi, kazi inayozidi bei ya shingo yenyewe. Ningelipia shingo mpya pale tu ya zamani inapokuwa imejisokota kama kamba au imemeguka vipande vipande, na sanduku la sauti ni la mbao nzuri.

Mnunuzi wa kwanza wa Martin au Taylor ana dhamana ya maisha kwa kasoro za utengenezaji, kwa hiyo tafuta risiti kwanza. Ukifika kwa fundi, muulize kama bei yake inahusisha kusawazisha vyuma, kuchonga tandiko jipya la daraja na nyuzi mpya, na kama amewahi kufungua shingo ya gundi.