Presha Isiyofika Hospitalini

Daftari la hospitali linawajua waliougua wakafika. Halimjui muuza viazi sokoni mwenye presha ya juu ambaye hata kichwa hakimuumi. Presha na kisukari huweza kukaa mwilini miaka bila kelele, hivyo anayepanga bajeti ya afya kwa hesabu za wodini anawahesabu waliochelewa. Hesabu ya kweli hupatikana kwa kuwafuata watu majumbani, wazima kwa wagonjwa.

Kenya ilifanya hivyo mwaka 2015 kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uitwao STEPS. Kaya ziliteuliwa kwa sampuli nasibu, na watu wa miaka 18 hadi 69 wakahojiwa. Yalitangulia maswali kuhusu tumbaku, pombe, chumvi, matunda na mazoezi. Ikafuata mizani, utepe wa kiuno na mashine ya presha. Mwisho ikapimwa damu, sukari na mafuta yake. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu. Kwangu mimi, hilo si zito kama hili: asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani, na kwa sukari ni asilimia 88. Daftari la hospitali lisingeweza kutuambia hayo, maana asiyepimwa hana mstari ndani yake.

Wapo wanaosema fedha za utafiti kama huo zingenunua dawa. Dawa zinunuliwe, lakini hata ghala likifurika vidonge, asiyejua kama ana presha hatavifuata. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi. Pengine mgeni mlangoni ndiye aliyeipandisha presha. Ni kweli, ndiyo maana mtu hupimwa mara tatu, tena shabaha si kumtangaza yeye mgonjwa bali kukadiria hali ya umma. Majibu ya mdomo nayo yana walakini (nani atazitaja chupa zake zote mkewe akisikiliza?), kwa hiyo takwimu za pombe zisomwe kama kima cha chini. Mizani haina haya ya namna hiyo.

Udhaifu mkubwa uko kwingine. Utafiti wa mara moja hauwezi kuonyesha kama kodi ya tumbaku au kampeni ya chumvi imebadili chochote. Sharti urudiwe, kwa vipimo vilevile, na utengewe fungu kwenye bajeti ya taifa badala ya kungoja wafadhili. Nawe msomaji, mdodosaji mwenye kitambulisho akibisha hodi, mkaribishe, kisha mwulize presha yako imesoma ngapi.